Tupeane uzoefu: safari iliyokubadilisha, mwisho wake uliona nini?

Mpwani_Wete: Leo nimepita njiani karafuu zimeanikwa kila mahali, ile harufu ikanirudisha mbali. Nani kamaliza safari akajiona si yule alieondoka, tena si kwa mawaidha ya mtu, bahari tu au mti au upepo? Leteni.

Kojani84: Mie popo wa Kidike. Natoka Dar kuuguza miezi mitatu, jioni nikawaona wanaruka. Hawa hawapatikani pengine duniani ila Pemba, nkasema Mola kawaeka kwetu na mie siku zote nawapita tu. Nkalia.

Ummu_S: Mie nlimaliza eda ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi, kaka yangu akaja kunchukua turudi kwetu Pemba. Tukapanda mashua Mkokotoni, Unguja, baada ya magharibi. Kufika mkondo wa Nungwi mashine ikazima. Jamani giza lile, mawimbi yanaingia, mtoto wa watu ananitapikia mapajani, wanaume wanakumba maji kwa ndoo na mkondo unatubeba kaskazini, Wete tunaipita hivi hivi. Nkatoa shahada. Na miezi yote ile ndani nlikuwa namuomba Mungu anchukue nimfate mume wangu, usiku ule nkajisikia naomba uhai, nkashtuka mwenyewe. Alfajiri bahari ikalala, upepo wa umande kutoka nchi kavu ukatuletea harufu ya karafuu kabla hatujaona nchi, halafu mnara wa taa wa Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ukatokeza. Nlipoteremka nkashika mchanga kwa mikono miwili sikutaka kuuachia.

Kojani84: Subhanallah dada.

Mtumwema: Pole sana bibie. Kwa wanaosafiri: nyonya ndimu, usile kitu.

Baharia_Mzee: Usile?? Kula muhogo mkavu, tumbo tupu ndo linatapika. Na msivuke na mashua ndogo kusi likichacha, mkondo ule haumjui mtu.

Bint_Chake: Mie kisiwa cha Misali, hapo Pemba. Wazee wanasema Nabii Khidhr alitaka msala wa kusalia hakupata, akasali juu ya kisiwa. Nlikaa pale nimetoka kuachika, kasa kapanda kutaga, hana habari na mie, nkapata utulivu sijapata kuupata.

Abuu_Y: Hadithi ya Khidhr pale haina sanad, yaani haijulikani kapokea nani kwa nani, tusieneze.

Bint_Chake: Shekhe mie nimesema wazee wanasema. Na utulivu nlioupata unataka sanad pia?

Abuu_Y: Huo sijaukataa dada angu. Kasa anatosha kuwa ishara.

Mpwani_Wete: Tuacheni hapo. Ummu_S, ile alfajiri uliisali?

Ummu_S: Niliisali nimekaa juu ya gunia la mchele, nguo zimeroa. Sikujua kibla, mashua inazunguka. Nahodha akaninyooshea mkono kaskazini, akanambia kwetu Makka iko juu moja kwa moja mama, uweke mnara mkono wa kulia.

Baharia_Mzee: Kasema kweli nahodha wako.