Naomba ushauri: kutibiwa uraibu wa pombe bila kulazwa, Kisumu

Ndugu zangu, naombeni mawazo. Mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kondele, amekubali mwenyewe kutibiwa uraibu wa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Kulazwa miezi mitatu hataki: ana watoto na kibanda cha kazi. Mshauri nasaha ametuambia kuna mpango wa kutibiwa ukitokea nyumbani: vikao vya kikundi na vya mtu mmoja mmoja, kwa kawaida jumla ya saa 9 au zaidi kwa wiki, kisha analala kwake.

Hofu yangu ni siku za kwanza. Asipokunywa asubuhi, mikono inatetemeka na jasho linamtoka. Mtu wa namna hiyo akiacha ghafla anaweza kushikwa na kifafa au kuweweseka, hata kufa. Kwa hivyo daktari atamwona kwanza, hilo sijadiliani na mtu.

Waliopitia haya na mgonjwa wao: je, alilazwa kwanza siku chache hadi mwili utulie? Kituo gani huku Kisumu kina vikao vya jioni, baada ya kazi? SHA, bima ya afya ya serikali, ililipia chochote? Na jioni mlifanyaje, maana njia yake ya nyumbani inapita katikati ya wauza chang'aa?

Mama anataka apelekwe ushago kwa mjomba. Mimi naona hata huko pombe ipo, na tiba haipo. Nitapiga 1192, simu ya msaada ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni bure, lakini nawahitaji sana ninyi mliouguza.