Intaneti ikizimwa siku ya matokeo, nyie mlio mbali mnafanyaje?

Habari zenu ndugu wa Kigoma popote mlipo. Mi niko Uingereza mwaka wa sita sasa, naombeni ushauri. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nyumbani Tanzania nilikaa karibu siku tano sijui mama pale Mwanga anaendeleaje, matokeo nayasikia redio za nje, na huku wenzangu wananifowadia namba za "kituo kimoja" bila kusema ni kituo gani. Nilishindwa kula. Ikitokea tena nifanyeje?

---

Mwanangu, pole sana. Mi nipo Ujiji, nauza nyavu na kamba, wateja wangu wengi ni Wakongo wanaoshukia Kibirizi, kwa hiyo haya mambo niliyaona kwao mapema. Walipiga kura Desemba 30, 2018, kesho yake intaneti ikakatwa, meseji za kawaida nazo zikakatwa, hata matangazo ya RFI, ile redio ya Ufaransa, yakazimwa, ikaenda hivyo karibu wiki tatu. Kulikuwa na kijana wa Kalemie anauza vitenge jirani na mimi, simu yake anaigusa kila saa kama unavyomgusa mtoto mwenye homa, boti ikitia nanga anakimbia kuuliza. Siku moja akashuka mama mmoja na karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, kanakili kwa kalamu matokeo yaliyobandikwa kwenye mlango wa shule aliyopigia kura: namba ya kituo, waliopiga kura, kura za kila mgombea, zilizoharibika. Kijana akaisoma mara tatu, kasimama palepale kwenye mchanga, machozi yanamtoka. Ilikuwa habari ya kwanza kutoka kwao ambayo angeweza kuishika mkononi.

Ndo maana nakwambia tafuta karatasi ya mlangoni kwanza, simu ni boti tu ya kuivusha. Kura zinahesabiwa kituoni mbele ya mawakala, halafu zinapelekwa kujumlishwa, na hapo katikati ndo pana giza. Simu ilikuja kuangaza hapo. Senegali mwaka 2000 waandishi wa redio binafsi walikuwa vituoni na simu za mkononi, kura zikishahesabiwa tu wanazisoma hewani, Abdou Diouf akashindwa na Abdoulaye Wade na akakubali. Kongo 2018 maaskofu Wakatoliki walikuwa na waangalizi karibu 40,000, na tume ya uchaguzi ilipotangaza matokeo Januari 10, 2019 wao wakasema wazi hayo hayalingani na waliyokusanya. Sasa mtawala mwenye wasiwasi akishaona namba za vituoni zinawahi kuliko za tume, anaweza kukata mawasiliano kabla hazijaenea.

Lakini usidhani mtambo peke yake unaponya. Kenya Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, na sababu kubwa mojawapo ilikuwa namna matokeo yalivyosafirishwa kutoka vituoni. 2022 tume yao ikaweka picha za Fomu 34A, yaani karatasi ya matokeo ya kila kituo, mtandaoni, vituo zaidi ya 46,000, mtu wa Turkana na mtu wa London wanafungua karatasi ileile, na bado makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo ya mwisho. Hata hivyo watu walikuwa na kitu cha kujumlisha wenyewe, na mi naona hiyo ni heshima kubwa kwa mpiga kura.

Kwa hiyo wewe ukitumiwa namba, uliza kituo gani, kata gani, nani kasaini. Hamna jibu, usifowadi, maana huku mtaani namba ya uongo inaweza kuwatoa watoto nje wakaumia, na wewe uko mbali hutawazika. Na usimtume mtu wako akapige picha kwa ubishi. Akiona pana askari wengi arudi nyumbani.

---

Naongezea hapo kwa baba mdogo, mi niko Ohio. Tumeni hela ya matumizi wiki moja kabla, msingoje. Mi nilituma siku yenyewe kwa ile programu ya kwenye simu, ikagoma, na bibi alikopa unga na dagaa kwa jirani siku nne, iliniuma sana. Halafu wekeni salio la kupiga simu ya kawaida, sio bando la WhatsApp tu, na namba za majirani wawili ziandikeni kwenye karatasi. Chagueni mtu mmoja wa familia wa kupigiwa, yeye ndo awaambie wengine, laini za siku hizo zinashika kwa shida, mkipiga watu kumi kwa mama mmoja hampati hata mmoja.

---

Asante baba mdogo, asante dada. Jana usiku nimeongea na mama, nimempa namba yangu ya kawaida kaiandika nyuma ya kalenda ukutani. Nikamuuliza kituo chake ni kipi, kasema shule ileile niliyosoma mimi, darasa la pili kutoka kwenye mwembe, mlango wa bluu.