Benki imekataa, yadi imekalia laki tatu zangu: nadai vipi?

Mama Sinia, Kisauni

Asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnicheke.

Mimi napika kwa oda: biriani, pilau, mahamri ya harusi na ya matanga. Miaka yote nasafirisha kwa tuktuk, na tuktuk na sufuria la biriani havipatani. Mara ya mwisho, kwenye matuta ya Kongowea, masala yote yalinimwagikia miguuni na harusi inangoja Likoni. Siku hiyo nikaapa nitanunua gari.

Nikaingia yadi moja huku Nyali, nikapenda Toyota Sienta ya rangi ya maziwa, viti vya nyuma vinalala, sinia sita zinakaa bila kupandana. Bei 1,180,000. Muuzaji, kijana mpole kabisa, akaniambia: "Mama, wewe toa laki tatu tu, zilizobaki benki inamaliza. Wiki mbili funguo unazo." Nikatuma kwa M-Pesa, laki mbili na nusu kwanza, kisha hamsini, maana kwa mara moja haivuki hapo. Akaniandikia risiti.

Benki wakachukua stetimenti zangu, wakatuma mthamini kuangalia gari. Wiki ya tano ikaja barua: 880,000 nilizoomba hazitoki.

Narudi yadi kudai changu, yule kijana hayupo, napelekwa kwa meneja. Arubuni hairudi, anasema, soma risiti. Akanionyesha nakala iliyo kwenye kitabu chao, chini ina muhuri mwekundu: PESA HAZIRUDISHWI. Ila nikitaka gari, yadi yenyewe itanikopesha, nilipe 61,500 kila mwezi kwa miezi 24. Nikapiga hesabu palepale kwa simu: 1,476,000, juu ya laki tatu waliyo nayo. Sienta ya 1,180,000 inanitoka 1,776,000. Nikamwambia hata mbuzi wa Idi hapandi hivyo.

Ndugu yangu anasema niende polisi. Mume wangu anasema nimwachie Mungu. Namwachia Mungu mengi, lakini laki tatu hii nimeikusanya sinia kwa sinia. Nifanyeje?

Dereva Mtwapa

Pole mamangu. Ila ungechukua Probox, saa hii ungekuwa barabarani.

Mama Sinia, Kisauni

Probox nibebe mahamri au miraa? Haya, mwenye la maana aseme.

Niliwahi Yadi

Dada, nimeuza magari yadi mbili hapa Mombasa kabla sijaacha hiyo kazi, kwa hiyo naandika ninachokijua.

Kwanza, tafuta risiti yako ya asili. Vitabu vingi vya risiti ni vya kaboni: karatasi ya juu ya mteja, ya chini inabaki kitabuni. Maandishi ya kalamu yanapita kwenye kaboni. Muhuri wa wino haupiti, lazima ugongwe kila karatasi peke yake. Kama yako haina muhuri, basi ule wa kwao umegongwa ulipokwisha kutoka mlangoni. Nimewahi kuona muhuri wenyewe ukikaa kwenye droo, unangoja mteja arudi na maneno.

Pili, yule kijana hajapotea. Analipwa kamisheni gari likitoka, na lako halikutoka, basi ana faida gani kushika simu yako? Usimfukuze. Hifadhi ulichonacho: meseji za M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp, sauti alizokutumia. Usifute, na usibadilishe simu sasa hivi. Kuna mahali aliandika au alisema salio ni la benki? Hapo ndipo penye kesi yako.

Tatu, huo mkopo wa yadi usiuguse. Ukisaini leo, zile laki tatu zinageuka malipo ya mkataba mpya, na hoja yako ya zamani umeizika mwenyewe.

Mama Sinia, Kisauni

Nimeipata! Ilikuwa kwenye kopo la iliki, ndiko naweka karatasi zangu zote. Inanukia kama chai lakini inasomeka. Muhuri HAKUNA. Na kijana ameandika kwa mkono wake: "Sienta, sehemu ya malipo 300,000, salio kupitia benki." Kumbe nilikuwa nayo siku zote.

Karani wa Mikopo

Nafanya kazi kitengo cha mikopo, si benki yako. Dada, hiyo barua inasema nini hasa? "Hatutoi" tu, au kuna hesabu ndani? Na ulitazama kama umeorodheshwa CRB, wale wanaoweka rekodi za wakopaji? Mtu ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka, na wengi wanakwama kwa vijimkopo vya simu walivyovisahau.

Mama Sinia, Kisauni

CRB niko safi, niliangalia mwanzo. Barua inasema gari limethaminiwa 980,000, na wao hutoa hadi asilimia 80 ya thamani. Mimi nilisoma neno "samahani" nikaikunja.

Karani wa Mikopo

Ikunjue. Asilimia 80 ya 980,000 ni 784,000. Wewe ulihitaji 880,000. Pengo ni 96,000. Benki haikukukataa wewe, imekataa bei ya yadi.

Hili linatokea sana. Benki haikopeshi kwa bei iliyobandikwa kwenye kioo, inakopesha kwa bei ya mthamini wake, kwa sababu ukishindwa kulipa ndiyo bei benki itakayoliuzia. Yadi zinazofanya kazi na benki kila wiki zinalijua hili kuliko wewe. Basi meneja asikwambie kuwa mkopo ulivunjika kwa udhaifu wako. Gari lilizidishwa laki mbili juu ya alivyoliona mthamini, na hiyo laki mbili hukuiweka wewe.

Ripoti ya mthamini mara nyingi mteja ndiye anayeilipia. Kama ulilipia, omba nakala. Ni karatasi nzito kuliko barua.

Babu wa Mtopanga

Binti yangu, nimesoma yote. Nilikuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu, na neno linalokusumbua hapa ni moja: arubuni.

Arubuni ni pesa ya kufunga maneno. Mnunuzi akighairi, muuzaji anabaki nayo kwa kuwa alizuia mali yake. Hilo linajulikana, na mahakama hulikubali. Lakini sehemu ya malipo ni kitu kingine. Biashara isipotimia, pesa ya sehemu ya malipo inarudi kwa mwenyewe, na muuzaji mwenye hasara aithibitishe hiyo hasara. Risiti yako imeandikwa lipi kati ya hayo mawili? Mkono wao wenyewe umekujibia. Tena wewe hukughairi. Salio lilitegemea benki, na limeandikwa hivyo.

Wengine watakwambia uende kwa Kadhi, kwa kuwa sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii tunasema mauzo ya arubuni hayafai hata yakiandikwa. Ni kweli, lakini Kadhi nchini hapa anahukumu ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Laki tatu za Sienta hazimo. Polisi nao watakwambia ni kesi ya madai, na watakuwa wamesema kweli.

Nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Wakili si lazima, utasimama mwenyewe na kusema Kiswahili chako. Kabla ya hapo waandikie barua ya madai, uwape siku saba, upeleke kwa mkono na mpokeaji asaini nakala yako. Akikataa kusaini, ipige picha barua ikiwa juu ya meza yake.

Usimshtaki kijana wala ubao wa mlangoni. Yadi inaweza kuitwa hivi barabarani na kampuni yenyewe ikawa na jina jingine. Tafuta jina lililosajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwanza, usije ukashinda kesi dhidi ya jina lisilo na mtu.

Mama Sinia, Kisauni

Nimerudi, samahani nilikuwa na matanga mawili na harusi.

Barua niliandika, mwanangu wa kidato cha nne akaichapa. Meneja alisaini bila kuisoma. Siku ya tano nimepaki tuktuk Bamburi, nje ya supamaketi, naona Sienta ya rangi ya maziwa, ina kistika kidogo cha Kijapani kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, paka ameinua mkono. Ile ile! Nilikuwa nimepiga picha ile paka siku ya kwanza kwa kuipenda. Sasa ina namba za usajili. Nikamngoja mwenyewe, mama mmoja wa heshima, nikamuuliza kwa adabu. Kalinunua yadi ile ile wiki mbili zilizopita, taslimu, 1,050,000.

Kumbe walikuwa wananikopesha gari ambalo hawana tena.

Nikamtumia meneja picha mbili, ya paka wa zamani na ya paka wa Bamburi, bila maneno. Jioni ile ile simu ikalia: nipewe 200,000 tuyamalize, wao wabaki na hamsini "ya usumbufu" na hamsini ya kuhifadhi gari. Nikamuuliza, kuhifadhi gari lipi?

Leo asubuhi imeingia 250,000. Nimemwandikia kuwa nimeipokea na kwamba anabakiza 50,000, kama Babu alivyonifundisha pembeni, nisije nikaonekana nimesamehe. Fomu ya madai nimeshaijaza, inangoja siku ya saba iishe, nayo ni kesho.

Dereva Mtwapa, hiyo Probox yako ni shilingi ngapi?