Steringi hafi, sawa. Na wanaomzunguka je?

Wadau wa tamthilia, msimamo wangu nautoa mapema ili tubishane vizuri: steringi asiwe na kauli ya mwisho juu ya wahusika wasaidizi. Atoe maoni juu ya mhusika wake, ni haki yake. Lakini nani apewe sini, nani aondolewe, nani asimame naye kwenye fremu moja, hayo wayaamue mwandishi na mwongozaji.

Kilichonifikisha hapa ni The Good Wife, tamthilia ya CBS ya Marekani iliyorushwa 2009 hadi 2016. Julianna Margulies ndiye Alicia, wakili ambaye mumewe mwanasiasa amemfedhehesha mbele ya nchi nzima. Archie Panjabi ni Kalinda, mpelelezi wa ofisi yao ya mawakili, na nafasi hiyo ilimpa tuzo ya Emmy ya mwigizaji msaidizi mwaka 2010. Walipokuwa wakikaa baa baada ya kazi, glasi mbele yao, mmoja anasema nusu ya neno na mwenzake keshaelewa, mimi nilikuwa nasogeza kiti. Kisha Alicia anagundua kwamba Kalinda aliwahi kulala na mumewe. Jamani, hapo mwandishi ana chakula cha misimu mitatu! Badala yake wakaanza kupishana. Takriban sehemu 50 zikapita bila wawili hao kukutana uso kwa uso. Ofisi moja, kesi zile zile, mazungumzo yao ni ya simu.

Mei 2015, Kalinda anaaga, wakarudishwa baa. Watazamaji wakaikagua sini ile wakasema hawa hawakushuti pamoja, wameunganishwa kwa kompyuta. Margulies, ambaye pia alikuwa mtayarishaji, alieleza kwamba mwenzake alibanwa na ratiba ya tamthilia nyingine, The Fall. Panjabi akajibu hadharani kwamba The Fall haikuwa ikirekodiwa wakati huo, na yeye alikuwa New York, tayari kwa kazi. Ugomvi wao siuingilii. Namlilia Kalinda. Mhusika msaidizi huishi kwa kile anachokijua kuhusu mkuu, kile ambacho mkuu hapendi kijulikane. Ukishamtenga na mkuu, umemnyang'anya riziki yake yote, hata ukimwandikia sini kumi za peke yake.

Najua kuna watakaosema: steringi ndiye anayeleta watazamaji na matangazo, bila yeye hao wasaidizi wangelipwa na nani? Hoja nzito, siipuuzi. Ona Yellowstone, tamthilia nyingine ya Marekani. Steringi wake Kevin Costner na watayarishaji waliposhindwana, tamthilia ilisimama tangu Januari 2023 hadi Novemba 2024, na iliporudi mhusika wake, John Dutton, alikuwa maiti tangu mwanzo wa sehemu ile. Watoto wa Dutton, Beth, Kayce na Jamie, kila mmoja na njia yake iliyojengwa miaka mingi, wote wakageuzwa waombolezaji na walipiza kisasi. Kwangu mimi hilo linathibitisha hatari yenyewe: nyumba nzima imejengwa juu ya nguzo moja.

Mfano unaonisumbua kweli, na hapa nataka mnipinge, ni Papa Shirandula ya Citizen TV Kenya. Ni kichekesho, najua. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 18, 2020, aliibuni mwenyewe na akaicheza yeye mwenyewe, jina la mhusika wake ndilo jina la kipindi. Kwa kanuni yangu, pale wasaidizi wangekufa njaa. Lakini wahusika wasaidizi Wilbroda na Awinja walipata majina makubwa mpaka watu wakawa wanawaita hivyo barabarani. Naona siri iko kwenye uongo wa Papa: ni soja, mlinzi wa getini, anayejifanya kwake kuwa ana kazi ya ofisini. Mwenye uongo yuko mikononi mwa kila anayemjua. Bukeko alikubali mhusika wake aaibishwe, na aibu ile ikawalisha wenzake.

Hilo ndilo silioni kwenye tamthilia zetu nyingi siku hizi, ambako steringi ndiye mwenye fedha na mswada unapita kwake kwanza. Analia vizuri, anasamehe vizuri, hakosei. Dada wa kazi anaingia na sinia la juisi, anaambiwa asante, anatoka. Mama yangu aliwahi kuniuliza katikati ya tamthilia moja kama hiyo, "Huyu binti kwao wapi?" Tulikuwa tumemtazama akifungua geti msimu mzima, na sikuwa na jibu.

Basi nijibuni, hasa mliowahi kuandika au kushuti. Steringi akiwa ndiye anayelipa mishahara, nani kwenye seti ana ubavu wa kumwambia, "Hapa mhusika wako amekosea, na anayemwambia ukweli ni yule dada wa juisi"?