Kuupima mwaka: daftari, simu au mtu wa kukuuliza? Naomba uzoefu wenu, wa Kigoma na Tabora

Ticha_Gungu

Wakuu, habari za jioni. Desemba imeingia na nimeanza kuupitia mwaka wangu. Ulikuwa mwaka wa kuhama: nilihamishwa kikazi kutoka Tabora mjini kuja Kigoma, mama akaja kuishi nami, nikajiunga na kikoba cha hapa mtaani Gungu, na nikajiwekea lengo la kusoma kitabu kimoja cha Kiswahili kila mwezi, nje ya vile ninavyofundisha. Kuna yaliyotimia na kuna ambayo bado yako njiani.

Nimekuwa nikifuatilia malengo kwa njia tatu kwa mpigo, na mwakani nataka kujua ipi niipe uzito.

Ya kwanza ni daftari, kaunta buku la kwaya mbili. Juzi nimefungua ukurasa nilioandika kwenye treni, kati ya Kaliua na Uvinza, siku nahamia huku. Herufi zimecheza kwa mtikisiko wa behewa. Nimeandika: "Sufuria kubwa nimemwachia jirani. Mama ameuliza mara mbili kama huko kuna hospitali." Leo mtu akiniuliza habari za uhamisho nitamwambia ilikuwa bahati, na kweli naiona hivyo sasa. Daftari linanikumbusha kwamba mwezi Machi niliogopa. Bila ukurasa ule ningekuwa nimeshasahau.

Ya pili ni simu. Kwa hela haina mpinzani. Ujumbe wa kila muamala upo, hisa za kikoba zipo, orodha ya vitabu ipo, na ukitafuta neno linakuja hapo hapo. Upungufu wake ni kwamba inakwambia ulitoa kiasi gani Septemba, haikwambii ulikuwa unahangaika na nini.

Ya tatu ni mtu. Mwalimu mwenzangu ananiuliza kila Ijumaa, "Umefika ukurasa wa ngapi?" Hiyo ndiyo imenisomesha kuliko zote. Lakini yapo mambo ya nyumbani siwezi kumwambia mtu wa kazini.

Aliyeshika njia mojawapo kwa miaka atuambie. Na je, idadi ya vitabu ni kipimo?

Mdau_Kibirizi

Dada ticha, pole na uhamisho na karibu Kigoma. Mimi ni wa dagaa, mwalo wa Kibirizi, na simu inanitosha. Tatizo ninaloliona kwako siyo chombo, ni huo mwaka wenyewe. Miezi kumi na miwili ni mirefu mno kwa mtu kukaa bila kujihesabu.

Huku dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inalala. Siku hizo ndizo zangu za mahesabu: nimenunua kwa bei gani, waliokaushwa kwenye kichanja wameuzwaje na wale wa mchangani wameuzwaje, nani nimemkopesha. Nikimaliza napanga hadi mbalamwezi nyingine, basi.

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wapo waliokuwa wamepanga Januari kwa mwaka mzima, mkopo juu. Mimi mipango yangu ilikuwa ya mwezi kwa mwezi, nikageukia mawese mapema, nikavuka. Lengo la mwaka linafaa kwa mtu ambaye mwaka wake hautikisiki.

Na wewe hujasema: katika hivyo vitabu, kipi kimekubadilisha?

Nyuki_Sikonge

Naunga mkono daftari, na sababu yangu ni moja: kulinganisha mwaka na mwaka. Nina mizinga ya magogo porini. Kila mzinga una namba, na kila namba ina ukurasa. Naandika mti uliotundikwa, siku nyuki walipoingia, miyombo ilichanua lini, nimevuna ndoo ngapi. Mavuno makubwa kwetu huja katikati ya mwaka, mvua zikishakatika, na hapo ndipo mwaka wangu unapofungwa. Desemba haina maana yoyote kwa nyuki.

Nikitaka kuhamisha mzinga, naweka ukurasa wa mwaka juzi kando ya wa mwaka huu. Mzinga uliokosa nyuki misimu miwili mfululizo kwenye mti ule ule, tatizo siyo nyuki. Simu inaweza kubeba hayo yote, sikatai, ila kambini hakuna pa kuchaji, na mikono ikishapata asali simu haishikiki. Penseli inashikika.

Malengo yangu binafsi nayaandika nyuma ya daftari hilo hilo. Mwaka huu lilikuwa kumrudisha binti yangu shuleni. Amerudi. Nimeandika tarehe.

Bint_Ujiji

Mie nitasimama na karatasi mpaka mwisho. Simu yangu iliibiwa sokoni na mwaka wangu wote ukaenda nayo, hata picha za msiba wa babu.

Sisi wa Ujiji tumekua tukipita kwenye kumbukumbu ya Livingstone bila kuitazama. Mwaka huu nimesoma habari zake vizuri. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe huko Kongo, karatasi zilimwishia. Hakuacha kuandika. Alichukua gazeti kuukuu la Kiingereza akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyochapwa, akikatiza mistari, kwa wino uliotokana na mbegu za mmea. Wino ule ulififia hata kurasa zikawa karibu hazisomeki. Wataalamu wakaja kuzipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 maneno yakasomeka tena. Oktoba ile ile ya 1871 ndipo alipofika hapa kwetu amedhoofu, Stanley akamkuta, na baadaye wakaenda pamoja hadi Kwihara, karibu na Tabora mjini.

Mtu mgonjwa, hana karatasi, hana wino, na bado aliona siku haipiti bila kuandikwa. Mimi nimeanza shajara kwa sababu hiyo.

Mama_Pacha_Mwanga

Haya mambo ya kuandika usiku yanawafaa wenye usiku wao. Nina mapacha wa miaka miwili. Najirekodi sauti nikiwa nachambua mchele, dakika moja au mbili, nahifadhi kwa jina la mwezi. Nikisikiliza ya Februari nasikia kabisa nilivyokuwa nimechoka, hakuna daftari linaloweza kunipa hiyo. Tuhesabu kama njia ya nne.

Hesabu_Kwanza

Mkuu Ticha, idadi ni kipimo. Watu hawapendi kusikia lakini ndivyo ilivyo. Kabla sijaanza kuhesabu nilikuwa najiita msomaji, kumbe nasoma vichwa vya habari. Orodha ndiyo iliyonionyesha ukweli. Anayesema "nasoma kwa kina" bila hata orodha, simwelewi.

Ticha_Gungu

Asanteni sana, sikutarajia majibu mazito hivi. Mdau, kitabu kilichonibadilisha ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule mshindi wa Nobeli ya 2021. Kimenichukua muda mrefu kuliko vingine vyote na kimevuruga hesabu yangu ya kitabu kwa mwezi, na sijutii hata kidogo. Ndani yake kuna kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaingizwa kwenye msafara wa biashara kwenda bara. Nimekisoma nikiwa mgeni huku, nimefika kwa njia ile ile ya misafara ya zamani, Tabora hadi ziwani, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na tiketi. Baada ya hapo nilianza kuwauliza wanafunzi wangu babu zao walifikaje Kigoma. Wengine wana asili ya Kongo, wengine Burundi, na Waha wenyewe wana historia ndefu. Kipindi kile cha Kiswahili kimekuwa kizuri kuliko vyote mwaka huu.

Hesabu_Kwanza, hapo ndipo nashindwa kukubaliana nawe moja kwa moja. Orodha ingeniambia nimepungukiwa.

Mwalimu_Mstaafu_TBR

Wanangu, nimefuatilia uzi huu. Mwalimu Nyerere alianza kusoma hapa Tabora mwaka 1937, akarudi kufundisha St. Mary's, na baadaye, akiwa Rais, akatoa tafsiri ya Shakespeare mwaka 1963, kisha nyingine mwaka 1969. Mtu hatafsiri kitabu alichokipitia mbiombio. Tamthilia mbili alizozifikisha kwa kila Mtanzania anayesoma zina uzito kuliko rafu nzima iliyosomwa ikasahaulika. Kijana wa hesabu asikasirike, orodha ni nzuri kwa anayeanza.

Ticha, kuhusu mtu wa kukuuliza: chagua asiyekudai na usiyemdai, na asiwe chini ya mwajiri wako. Mwenzako wa Ijumaa mwachie vitabu tu. Ya nyumbani mtafutie mwingine. Nami nimekuwa na rafiki wa namna hiyo tangu tukiwa vijana, tunakutana kila baada ya Idi na kila baada ya Krismasi, kila mmoja anasema alichoahidi na alichofanya. Kuna mwaka hakunisifu, na ulikuwa mwaka wenye faida kuliko yote.

Kingine, tafuta Maisha Yangu ya Shaaban Robert. Naye alikuwa mtumishi wa Serikali, akahamishiwa Mpwapwa, anasimulia safari ile na taabu zake. Katika kitabu hicho ametia Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Amekumbuka yaliyopita, na papo hapo ameandika nini kibaki kwa watoto. Sijaona namna bora ya kuupitia mwaka, achilia mbali maisha.

Ticha_Gungu

Shikamoo Mzee, na asante. Nimeamua hivi. Simu ibaki na hela na orodha ya vitabu. Daftari nitaliandikia sababu, na nitalipitia kila shule zinapofunga, siyo Desemba peke yake. Hilo nimelitoa kwa Mdau na Nyuki. Mwenzangu ataendelea na swali lake la ukurasa. Kwa ya nyumbani nimemfikiria dada mmoja wa kikoba, mtu mzima, tumeelewana toka siku ya kwanza. Jumapili nitamwomba.

Lengo la vitabu nimelipunguza: vinne kwa mwaka, na kila kimoja lazima nikifanyie kitu darasani. Nitaanza na hicho cha Shaaban Robert. Kwa wenyeji, nikikikosa madukani hapa mjini, kuna anayekuja kutoka Tabora kabla shule hazijafunguliwa Januari? Nauli ya mzigo nitalipa.

Mwalimu_Mstaafu_TBR

Marahaba mwanangu. Nina nakala mbili. Nitumie ujumbe wa faragha, kuna mjukuu anapanda treni wiki ijayo.