Mtoto wangu haoni, ana miaka 3, anarudia tu maneno ya wengine. Kuna aliyepitia hii?

mama_wa_rau:
Habari za jioni wadau. Nipo Moshi huku Rau. Kijana wangu ana miaka mitatu na miezi miwili, haoni kabisa, alizaliwa njiti akakaa sana kwenye oksijeni, retina zikaharibika, hospitali ya KCMC walishatuambia ukweli na tulishalia tukamaliza. Sasa hivi kinachonitesa ni kuongea. Anaongea, tena sana, ila anarudia. Namuuliza "unataka uji?" anajibu "unataka uji". Juzi kanishika gauni ananiambia "umekojoa", nikabaki nashangaa nimekojoa wapi mie, kumbe ni yeye kaloa chapachapa. Halafu haisi zinapita hapa nje basi siku nzima yeye ni konda, "mjini mjini, wawili bado, ingia twende!" Baba yake mdogo anacheka, mimi roho inaniuma. Chekechea niliyompeleka mwalimu akaniambia huyu sio macho tu, ana usonji, nimtafutie pengine. Akija mgeni nyumbani ananyamaza kimya anainamisha kichwa, watu wanaanza kunongona. Cha ajabu akidondosha kijiko anasema vizuri kabisa "kijiko kimeanguka". Naombeni mwongozo jamani.

chasaka77:
Dada mpeleke akaombewe, hiyo ya kutoa sauti za watu sio bure

fundi_redio_sakina:
Chasaka acha hizo bwana. Mimi sioni tangu kuzaliwa, hapa simu inanisomea, na nikiwa mdogo nilikuwa hivyo hivyo ila mimi sikuwa konda, nilikuwa natangaza vifo kama redioni, "habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo", bibi akawa ananifukuza nikacheze kwa jirani. Sikuwa na pepo, nilikuwa na redio. We mwenye macho unasikia haisi huku unaiona, unaona na konda ananing'inia mlangoni. Mtoto yeye kapewa sauti peke yake sasa ulitaka acheze na nini?

Mama nikuambie kitu kimoja. Mimi mpaka naanza shule ndizi nilikuwa naijua ni kitu kilaini kiko kwenye sahani kina nyama, basi. Siku hiyo nipo Machame kwa bibi nasikia watu wanasema "kata ndizi", nikauliza inakatwaje na imeshaiva? Bibi hakunijibu, akanishika mkono tukaingia kihambani akanikumbatisha mgomba. Baridi, una maji maji, maganda yamepangana kama vitunguu. Akanibeba begani nikashika mkungu, nikahesabu chane kwa vidole, nikafika mpaka kwenye lile ua chini lililochongoka, mikono ikajaa utomvu ambao hautoki hata kwa sabuni. Nilirudi ndani naongea mpaka watu wakalala. Kabla ya hapo neno nilikuwa nalo, kitu chenyewe sina. Kwahiyo huyo dogo mshikishe vitu, vizima, sio vipande. Na usiogope kumwambia "angalia" au "umeona?", sisi tunaona kwa mikono na hilo neno ni letu pia.

mwl_tengeru:
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, nimesomea chuo cha ualimu Patandi. Fundi kasema kweli na kuna utafiti wake, Marekani huko Barbara Landau na Lila Gleitman miaka ya 80 walimfuatilia mtoto asiyeona, wakimwambia atazame juu hainui uso, ananyanyua mikono. Kwake kutazama ni kugusa.

Sasa mama_wa_rau, hiyo "unataka uji" ni kitu kinachojulikana sana kwa watoto wasioona na huwa kinakaa muda mrefu kuliko kwa wenzao. Mwenzake anaona ukijigusa kifua unaposema "mimi", anaona "wewe" inageukia kwa nani. Wako anasikia tu kwamba kila uji unapokuja unatanguliwa na "unataka uji", kwahiyo hilo ndio jina la kuomba uji, ana haki kabisa. Dawa yake punguza maswali. Akiwa na njaa msemee kwa kinywa chake, "nataka uji", mkono wake weka kifuani kwake, halafu subiri. Subiri hasa mama, hata mpaka ishirini, sisi huwa hatuna subira. Hicho "kijiko kimeanguka" kinanipa raha, ngeli anazipata kwa sikio maana yake sarufi iko sawa.

Kunyamaza akija mgeni ni kusikiliza, akiongea yeye atamsikiaje huyo mgeni? Mgeni aje ajitaje jina na ampe mkono. Na zile "weka pale", "lete hicho" ziache, sema mezani, sema kikombe. Akichanganya m na n usishtuke pia, hizo wenzake wanaziona kwenye midomo.

Usonji siwezi kusema hana, wapo wasioona wenye usonji. Ila kumpa hilo jina kwa sababu ya kurudia maneno tu hapana. Apimwe masikio kwanza, halafu aangaliwe na mtu aliyezoea watoto wasioona. Na hapo Moshi mnayo shule ya Mwereni, wanasoma hadi watoto wasioona, nenda ukaongee na walimu hata kama umri bado.

chasaka77:
Sawa nimeelewa, ila maombi hayadhuru

mama_wa_rau:
Marahaba mwalimu, asante sana, na fundi Mungu akubariki nimesoma ya mgomba nikamuita mume wangu asome. Mrejesho, ni siku ya tisa leo. Nimekuwa nakaa naye jikoni anashika unga mkavu, anashika mwiko, nasema "nataka uji" nanyamaza, najing'ata ulimi nisimuulize. Siku zote hizo hakuna kitu. Leo asubuhi nimenyamaza mpaka uji ukaanza kushika chini, akajipiga kifuani akasema "nataka uji". Nikaacha mwiko nikamkumbatia. Akamalizia, "wawili bado, ingia twende!"