Mazungumzo ya CBA ya marubani hayasongi: nivumilie au nichukue kazi ya Ghuba?

Mwewe_Nairobi:
Wakuu, salamu. Mimi ni rubani msaidizi hapa Nairobi, narusha ndege ya Dash 8 katika shirika ambalo sitalitaja, na naomba msilikisie. CBA yetu, yaani mkataba wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi kati ya chama cha marubani na mwajiri, ilishakwisha muda, na tangu hapo tunalipwa viwango vilevile huku kodi ya nyumba na makato ya kwenye payslip vikipanda bila kumsubiri mtu.

Siwezi kusema chama na mwajiri hawakutani. Wanakutana. Kikao cha mwisho nilikaa kama mjumbe wa akiba. Asubuhi nzima iliishia kwenye kusahihisha kumbukumbu za kikao kilichotangulia, eti tulikubaliana kuhusu posho ya kulala nje au tulisikilizana tu. Baada ya chai, yule wa rasilimali watu akatuambia mambo ya fedha hana ruhusa nayo, atayapeleka kwa bodi. Bodi inakaa lini? Hajui. Tukapangiwa tarehe nyingine, nayo ikaahirishwa kwa simu.

Vijana wamechoka. Kwenye grupu la WhatsApp kuna wanaotaka siku moja wote tuamke "wagonjwa". Wengine wanataka notisi ya mgomo kesho. Makapteni wakubwa wanasema tungoje.

Mimi nina barua ya kazi kutoka Ghuba. Pesa ni nzuri. Lakini nikiondoka nalipa bondi iliyobaki, yaani gharama za mafunzo ya ndege ambazo mwajiri alinilipia, na sijui CBA ikija kupita kama malimbikizo ya nyongeza ya miezi ya nyuma nitayapata au nitakuwa nimewaachia. Nifanyeje?

Boda_wa_Rongai:
Laki ngapi kwa mwezi na bado unalia? Njoo tubadilishane, nikupe pikipiki na deni lake.

Mwewe_Nairobi:
@Boda_wa_Rongai laki zipo, sikatai. Mkopo wa sacco niliosomea urubani nao upo, na unakula kabla sijala mimi.

Dallas_Mswahili:
Pole kaka. Kama itakufariji, hata huku Marekani ni hivyohivyo, tena kwa sheria. Mashirika ya ndege yako chini ya sheria ya kazi ya reli ya 1926, iliyopanuliwa 1936 ili iwaingize watu wa ndege. Chini yake mkataba haukomi: ukifika tarehe yake unakuwa tu wazi kurekebishwa, na masharti ya zamani yanaendelea. Huwezi kugoma mpaka bodi ya taifa ya usuluhishi ikuachilie, na ikikuachilia bado kuna siku 30 za kupoa. Hata hapo Rais anaweza kuingilia. Marubani wa shirika la American Airlines waligoma Februari 1997, Rais Clinton akawazuia ndani ya dakika chache.

Wenzetu wa shirika la Southwest mkataba wao ulifunguka 2020, mpya wakaupigia kura Januari 2024. Katikati ya hapo walikuwa wanasimama nje ya viwanja na mabango, wamevaa sare kamili, siku zao za mapumziko. Hakuna ndege iliyochelewa kwa ajili ya bango, lakini abiria na wanahisa walisoma. Mwishowe walipata nyongeza ya karibu asilimia 50 kwa miaka mitano. Kwa hiyo kungoja kulilipa, ila ni kwa sababu hawakungoja wamekaa kimya.

Wakili_wa_Kazi:
Mwewe, weka hasira kando kidogo tuangalie karatasi. Kenya ina Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, na inawapa nafasi kubwa kuliko mnayoitumia.

Kwanza, mwajiri anasema mambo ya fedha yako kwa bodi. Kifungu cha 57 kinamtaka atoe kwa chama taarifa zote zinazohitajika ili mjadiliane ipasavyo. Je, chama kimeziomba kwa barua? Nina hakika mmeziomba kwa mdomo. Barua ndiyo itakayosomwa na hakimu, maneno ya kwenye chai hayasomwi na mtu.

Pili, nani amewaambia mazungumzo hayana mwisho? Chama kikiona yamekwama, kinaripoti mgogoro kwa Waziri, anateuliwa msuluhishi, na msuluhishi ana siku 30 isipokuwa pande zote zikubali kumwongezea. Ikishindikana hapo, kifungu cha 76 kinaruhusu mgomo kwa notisi ya maandishi ya siku saba. Waongozaji wa ndege wa kule mnarani wamo kwenye orodha ya huduma muhimu, ambazo haziruhusiwi kugoma, ninyi marubani hamumo. Swali la kumuuliza katibu wenu ni moja: mgogoro umesharipotiwa? Kama bado, basi mnaowangojea hapo ni viongozi wenu wenyewe. Mwajiri hana haraka, kila mwezi unaopita anaendelea kulipa bei ya zamani.

Tatu, na hili ndilo la mfukoni mwako: CBA haina nguvu mpaka isajiliwe na Mahakama ya Ajira, lakini inaanza kutekelezwa tangu tarehe waliyokubaliana wahusika. Mwajiri atakuja na asilimia nzuri halafu tarehe ya kuanza iwe siku ya kutia sahihi. Watu watashangilia asilimia, miezi yote ya nyuma iwe imekwenda. Ningekuwa mjumbe wenu ningegombania tarehe kabla ya asilimia.

Kapteni_Mstaafu:
Wanangu, mambo ya kuugua kwa pamoja acheni. Nimekaa kiti cha kushoto, kile cha kapteni, miaka mingi, nawaambia huo ni mgomo bila notisi, na kwa mwajiri ni zawadi. Atachukua rosta na cheti cha daktari cha kila mmoja, awaite mmojammoja. Na siku utakapoumwa kweli hakuna atakayekuamini, utasukumwa upande ndege na masikio yameziba. Huo sasa si mshahara tena, ni usalama.

Hata wenye notisi waliungua. Novemba 2022 marubani wa KALPA, chama cha marubani wa Kenya, waligoma Kenya Airways, wakidai michango ya mfuko wa akiba na mishahara iliyozuiliwa wakati wa korona. Mahakama ilikuwa imeshatoa amri ya kuusimamisha mgomo, wakaendelea. Baada ya siku chache jaji akawarudisha kazini bila masharti. Madai yao mimi niliyaona ya haki, lakini kwenye amri ya mahakama haki yako haikusaidii.

Mwewe_Nairobi:
@Kapteni_Mstaafu shikamoo mzee. Nimekuelewa, nitalisema kwenye grupu ingawa nitaitwa mwoga. @Wakili_wa_Kazi nimemuuliza katibu sasa hivi. Kanijibu "tunalishughulikia".

Wakili_wa_Kazi:
Maana yake haujaripotiwa.

Binti_Tanga:
Mkuu, huku Tanzania mgogoro ungekwenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, na pale pia usuluhishi una siku 30, kwa hiyo usidhani ni kwenu tu. Mimi nazungumzia hiyo barua ya Ghuba, naona wote wameiruka. Kaka yangu alienda huko. Uliza makazi ni ya nani, mkataba ukivunjika unapewa siku ngapi kuondoka, na chama cha wafanyakazi sehemu nyingi za huko usahau. Kule unakubali wanachokupa au unarudi nyumbani. Pesa yake ni kweli lakini. Familia ipo?

Mwewe_Nairobi:
Mke na mtoto wa chekechea. Wanataka niripoti mapema, nimeomba waniongezee muda.

Binti_Tanga:
Kwa simu au kwa barua pepe?

Mwewe_Nairobi:
Kwa simu.

Wakili_wa_Kazi:
Waandikie leo. Na mwajiri wako wa sasa mwandikie pia, akupe salio la bondi kwa maandishi. Bondi nyingi hupungua kadiri unavyotumikia, huenda deni ni dogo kuliko unavyoogopa. Kuhusu malimbikizo, anayeondoka kabla ya sahihi hutegemea kifungu kimeandikwaje. Mwambie mjumbe wenu adai maneno "kila aliyekuwa kazini tangu tarehe ya kuanza". Wewe ni mjumbe wa akiba, kikao kijacho ukiingia yaseme mwenyewe.

Boda_wa_Rongai:
Sasa mimi nimeelewa. Ila ile ofa ya pikipiki bado ipo.